Matandiko ya Banda la Farasi na Punda: Tupime Kabla ya Kulipa



Bidhaa ninayoizungumzia leo aghalabu haina lebo. Hutoka kwa seremala, shambani au kinuni, ikatiwa guniani na kununuliwa kwa macho tu. Hata hivyo, mnyama huilalia na kuvuta vumbi lake usiku kucha. Farasi husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito haumjii mpaka alale chini. Asipopata mahali pakavu, huukosa usingizi huo. Na akikaa juu ya mkojo, kwato zake huoza, na amonia huyadhuru mapafu yake.

Sokoni kuna aina nne kuu. Maranda ya mbao hunyonya mkojo vyema na huzolewa kwa urahisi. Vumbi la mbao nalo hunyonya, ila chembe zake huingia puani. Mabua ya ngano ni laini na hutunza joto, lakini farasi huyala, na yakihifadhiwa mabichi huota ukungu unaoleta kikohozi cha kudumu. Maganda ya mpunga ni mepesi, ila hunyonya kidogo, na mnyama mwenye njaa huweza kuyala akaumwa tumbo.

Kabla ya kuuliza bei, ulizeni asili. Je, mbao zilikuwa za mti gani? Zilitiwa dawa? Baadhi ya mbao za ujenzi na nguzo huhifadhiwa kwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki. Maranda yake ni sumu, na hayafai hata yakitolewa bure. Mti nao huweza kudhuru bila dawa yoyote: maranda ya mjozi mweusi wa Marekani Kaskazini, hata yakichanganywa kidogo na mengine, huvimbisha kwato za farasi kwa ndani katika muda wa siku moja. Muuzaji asiyejua mzigo wake umetoka wapi hastahili fedha yenu.

Kisha fungueni gunia. Chukueni konzi moja kutoka katikati, wala si juu, mkaikamue: ikishikamana kama tonge, mnauziwa maji kwa bei ya maranda. Nuseni, uvundo ni dalili ya ukungu. Pepeteni kidogo juu ya kitambaa cheusi mlione vumbi. Pitisheni sumaku, kwa maana msumari mmoja hutosha kumlemaza mnyama.

Linganisheni pia gharama kwa siku, si kwa gunia. Tuseme gunia la shilingi 3,000 linatosha siku 2, na la shilingi 5,000 linatosha siku 4. La kwanza linagharimu shilingi 1,500 kwa siku. La pili, shilingi 1,250. Lililoonekana rahisi ndilo ghali.

Mwisho, daini risiti inayotaja aina ya bidhaa na kiasi chake. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji, lakini mlalamikaji asiye na ushahidi hupata taabu kusikilizwa.

Na mkisha kutandika, ingieni bandani alfajiri kabla ya kufagia, mchutame hadi usawa wa pua ya mnyama aliyelala. Macho yenu yakiwasha, yeye amevuta hewa hiyo usiku mzima: ongezeni matandiko, au badilisheni aina.