Onyesho Lisilofungwa: Mashindano ya Wagika na Wagalu na Suala la Umri katika Sanaa za Maonyesho



1. Utangulizi

Tarehe 16 Aprili 2023, katika ukumbi wa Majestic mjini New York, tamthilia ya muziki iitwayo The Phantom of the Opera ilionyeshwa kwa mara ya mwisho. Ilikuwa imeanza kuonyeshwa ukumbini humo Januari 1988, na hadi pazia lilipoteremshwa ilikuwa imechezwa mara 13,981. Katika mji huohuo, ukumbi mwingine ulio mdogo zaidi uliwahi kuonyesha The Fantasticks tangu mwaka 1960 hadi Januari 2002, mara 17,162. Historia ya sanaa za maonyesho inapotaja maonyesho yaliyodumu, hutegemea hesabu ya namna hii: siku, viti na tiketi.

Kiswahili nacho kimo katika hesabu hiyo, ingawa kwa mlango wa pembeni. The Lion King, iliyoanza kuchezwa New York Novemba 1997 na London mwaka 1999, ina wahusika wanaoitwa Simba na Rafiki, na wimbo wake mmojawapo umebeba jina la Hakuna Matata. Hata hivyo, mazungumzo ya tamthilia hiyo ni ya Kiingereza. Kiswahili kimetoa majina na misemo. Hakikutoa umbo la onyesho lenyewe.

Mhadhara huu unauliza kama kipimo hicho cha umri kinatosha. Mfano unaochunguzwa ni mashindano ya ngoma ya Wasukuma, katika eneo linaloanzia Shinyanga na kufika machimbo ya dhahabu ya Geita. Hoja inayotetewa ni kwamba mashindano haya ni onyesho la nyimbo na uigizaji lililodumu kwa zaidi ya karne moja, na kwamba limedumu kwa sababu iliyo kinyume cha ile iliyodumisha tamthilia za New York. Hoja hiyo ina matokeo kwa taaluma ya Kiswahili, hasa katika suala la nini kihifadhiwe na kwa lugha gani.

2. Wagika na Wagalu

Simulizi za Wasukuma hueleza kwamba katika karne ya 19 walikuwapo manju wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alidai kumshinda mwenziwe. Kila mmoja alikwenda kwa mganga kutafuta samba, yaani dawa ya kuvuta watazamaji. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu. Tangu hapo vikundi vya ngoma, vingi na vya aina mbalimbali, vimekuwa vikijihesabu kuwa vya upande mmoja au wa pili.

Utaratibu wa mashindano unaeleweka hata kwa mgeni. Baada ya mavuno, hasa mwezi wa Juni na wa Julai, vikundi viwili hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hadhira haikai vitini. Husimama, husikiliza, huhama kutoka duara moja kwenda jingine na kurudi. Kikundi kinachovuta umati mkubwa zaidi ndicho mshindi. Kwa hiyo kila kikundi hutafuta mbinu ya kuushika umati: wimbo mpya wenye kijembe, vazi lisilowahi kuonekana, jembe linalorushwa juu na kudakwa katika bugobogobo, au nyoka mkubwa anayechezewa mikononi mwa Bagoyangi.

Ngoma hizi hazikuwa burudani iliyojitenga na kazi. Vijana wa kijiji walilima kwa pamoja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na nyimbo ndizo zilizopanga mwendo wa majembe. Wimbo ulioshika shambani uliingia uwanjani wakati wa mashindano, na wimbo uliopata sifa uwanjani ulirudi shambani msimu uliofuata. Ipo pia ngoma ya wigashe, ambayo huimbwa wachezaji wakiwa wameketi, na ambayo uzito wake wote uko katika maneno na sauti.

Kanisa nalo liliingia katika utaratibu huu. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliunganisha sherehe ya Ekaristi na mashindano ya ngoma. Sherehe hiyo ikaitwa Bulabo, yaani maua. Padri huyo hakuanzisha ushindani. Aliukuta, akaupa tarehe na uwanja.

3. Kinachodumu ni kanuni

Msomi anaweza kupinga kwamba ngoma hizi si onyesho moja. Nyimbo hubadilika, wachezaji hubadilika, uwanja hubadilika. Basi kitu gani kimedumu? Pingamizi hili ni la haki na linastahili jibu.

Katika The Phantom of the Opera, kilichodumu kilikuwa matini. Waigizaji waliondoka na kuja wengine, lakini maneno, noti, mavazi na hatua vililindwa. Aliyeitazama mwaka 1988 na aliyeitazama mwaka 2023 walisikia nyimbo zilezile. Watazamaji walibadilika kila usiku, kwa kuwa mji ule hupokea wageni wengi, na onyesho likabaki palepale.

Usukumani hali ni kinyume chake. Hadhira ndiyo ileile: majirani, wakwe, wapinzani wa mwaka uliopita. Hadhira ya namna hiyo haiwezi kupewa wimbo uleule miaka thelathini. Inaujua, imekwisha kuuimba, na upande wa pili umekwisha kuutungia jibu. Kinacholindwa basi ni kanuni: pande mbili, majina mawili, uwanja mmoja, na umati unaoamua kwa miguu yake. Kanuni hiyo hudai utunzi mpya kila msimu, na utunzi mpya ndio unaoirudisha hadhira. Manju anayeshindwa mwaka huu ana sababu ya kurudi mwakani, na upande ulioshinda una jina la kulinda.

Jambo hili halihusu Usukuma peke yake. Ngoma ya beni, iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Tanganyika, ilikuwa na pande zake, Marini na Arinoti, na Terence Ranger aliandika historia yake katika kitabu cha mwaka 1975. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Dar es Salaam walishuhudia ushindani wa Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre. Frank Gunderson na Gregory Barz walipohariri mkusanyo wa makala kuhusu muziki wa Afrika Mashariki, uliochapishwa mwaka 2000, neno la kwanza la jina la kitabu hicho cha Kiingereza lilikuwa Mashindano. Wahariri walilichukua neno la Kiswahili kama istilahi.

4. Kutoka uwanjani hadi kwenye tamthilia

Uwanja wa ngoma umewahi kuingia katika fasihi andishi ya Kiswahili. Miongoni mwa wacheza ngoma wa Usukumani, hakuna aliyevuma kuliko Ng'wanamalundi, aliyefariki mwaka 1936. Husimuliwa mpaka leo kwamba aliweza kuukausha mti kwa kuunyooshea kidole. Mwaka 1988 Emmanuel Mbogo alichapisha tamthilia yake Ngoma ya Ng'wanamalundi, na kwa tamthilia hiyo jina la mcheza ngoma likafika kwa wasomaji ambao hawakuwahi kusikia neno moja la Kisukuma.

Hata kabla ya hapo, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho ya mwaka 1976, walikuwa wamekwisha kuzipa sanaa za jadi nafasi katika mjadala wa sanaa za maonyesho. Hata hivyo, tamthilia iliyochapishwa ndiyo isomwayo na kutahiniwa kwa urahisi. Mwanafunzi huweza kuichambua tamthilia ya Mbogo bila kuelezwa jinsi mashindano yanavyoendeshwa wala kwa nini mcheza ngoma alipewa sifa za mganga. Akiijua kazi ya samba, hatashangaa: katika uwanja huo, kuuvuta umati na kuwa na dawa ni sifa mbili za mtu mmoja.

5. Dhahabu na lugha

Geita ya leo imejengwa na wahamiaji. Katika miaka ya 1940 na 1950, mpango wa serikali ya kikoloni wa kuiendeleza Usukuma uliwahimiza wakulima kuhamia huko kutoka maeneo yaliyojaa watu na mifugo. Walihama na majembe yao na ngoma zao. Mgodi wa chini ya ardhi uliofanya kazi tangu enzi za ukoloni ulifungwa miaka ya 1960, na mgodi mkubwa wa wazi ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu, upande wa Kahama, ulifuata mwaka 2001. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa.

Machimbo yana wakati wake. Duara halina msimu wa mavuno. Karasha husaga mawe masika na kiangazi. Rashi inapotokea, watu wa makabila mengi hukusanyika mahali pasipo na nsumba ntale wala historia ya pande mbili, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Kwa upande mwingine, nyimbo za Kisukuma zimepata njia mpya: kaseti, kisha diski, kisha simu na YouTube. Anayesikiliza kwa simu hupata wimbo, lakini hapati umati wa kuuhama.

Hapa ndipo udhaifu wa onyesho hili unapoonekana. Kanuni iliyolipa uhai mrefu ndiyo pia inayozipoteza nyimbo. Wimbo ulioshinda mwaka fulani ulipaswa kuuachia nafasi wimbo wa mwaka uliofuata, na ukisahauliwa na waliouimba, hapana daftari la kuurejesha. Mpenzi wa tamthilia ya New York hana hofu hiyo.

Kazi kubwa ya kuzihifadhi nyimbo hizi imefanywa na Frank Gunderson, ambaye mwaka 2010 alichapisha zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma pamoja na tafsiri na maelezo. Tafsiri hizo ni za Kiingereza. Hivyo mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Tanga au Songea, akitaka kujua manju wa Shinyanga alimwambia nini mpinzani wake, hana budi kupitia Kiingereza ili amfikie Mtanzania mwenzake.

6. Hitimisho

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, umri wa onyesho upimwe kwa kile kinacholindwa, kiwe matini au kanuni, badala ya kuhesabu usiku wa tiketi tu. Pili, anayerekodi ngoma za mashindano asirekodi upande mmoja. Wimbo wa Wagika bila jibu la Wagalu ni nusu ya mazungumzo, na mwendo wa umati baina ya duara mbili ni sehemu ya matini kama yalivyo maneno. Tatu, tafsiri ya nyimbo hizi kwa Kiswahili ifanywe na wanafunzi wanaojua lugha zote mbili, nao wapo wengi katika vyuo vya nchi hii. Ifanywe wakati wazee walioziimba wangali hai, kwa kuwa maana ya kijembe huhitaji mtu anayekumbuka aliyepigwa nacho.

Ukumbi wa Majestic ulipofunga onyesho lake, matini yake ilibaki kabatini ikisubiri ukumbi mwingine. Ngoma ya Shinyanga na Geita haina kabati. Ina msimu ujao, na manju aliyeshindwa msimu uliopita.