Mtunza Maktaba Abadilikapo, Kazi Isikome



Tumetakiwa na Halmashauri kusema maneno machache juu ya maktaba ndogo, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Hatukuja kusifu faida za kusoma, kwani hizo kila aliyemo humu azijua. Tumekuja kusema juu ya jambo ambalo watu hulipita bila kuliangalia, nalo ni hili: yapasa kufanya nini ili maktaba ndogo isife siku mtunzaji wake anapoondoka.

Sisi watumishi wa Serikali twaijua sana habari ya uhamisho. Barua huja leo, na mwisho wa mwezi mtu yu njiani na mizigo yake. Lakini ofisi haifungwi kwa sababu hiyo. Keshi huhesabiwa hata senti ya mwisho, stempu huhesabiwa, funguo hutolewa mkono kwa mkono, na wote wawili hutia sahihi. Maktaba ndogo haitendewi hivyo. Mara nyingi hutunzwa na mtu mmoja tu, mwalimu au karani ajitoleaye baada ya saa za kazi, na siku akiondoka huachwa kama nyumba ya mtu aliyehama usiku. Ufunguo hupewa jirani. Daftari hukutwa chini ya magazeti ya zamani. Baada ya miezi sita vitabu vimepungua, wala hapana awezaye kusema vilipotea lini, wala mikononi mwa nani. Wazee walikwisha sema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nia ya kusoma pamoja si jambo geni kwetu. Chama cha watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika kiliundwa Tanga katika mwaka 1922, na aliyekiongoza ni Martin Kayamba, karani kama sisi. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, nayo, pamoja na kuchapisha vitabu, ilipeleka masanduku ya vitabu mahali palipokuwa mbali na miji. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya huduma za maktaba katika Tanganyika, na tarehe 9 Desemba, 1967, Rais Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Hayo ni mambo makubwa. Lakini sanduku lililofika kijijini lilitaka mtu wa kulifungua, wa kuandika nani kachukua nini, na wa kukidai kitabu kirudi. Kazi kubwa yote ya maktaba mwisho wake humfikia mtu mmoja mwenye ufunguo.

Basi tuitazame kazi ya mtu huyo kila siku, maana asiyeijua hawezi kuipokea.

Asubuhi hufungua madirisha, kwani unyevu ni adui wa karatasi, na hupangusa rafu akitazama kwa makini nyuma ya vitabu na pembeni mwa ukuta kama mchwa wameanza njia yao. Magazeti mapya huyapiga muhuri na kuyaweka mezani; ya jana huyapanga kwa tarehe. Kitabu kipya kikija, hakiendi rafuni kabla ya kuandikwa katika daftari la mapokezi: namba yake, tarehe ya kupokelewa, jina la mtungaji, jina la kitabu, kimetoka wapi, na bei yake ikiwa kimenunuliwa. Namba ile ile huandikwa ndani ya kitabu. Tangu hapo kitabu kina jina na ukoo; kikipotea, twajua ni kipi kilichopotea.

Kisha kila kitabu hupewa mahali pake. Maktaba nyingi hufuata mpango aliouchapisha Melvil Dewey wa Marekani mwaka 1876, unaogawa elimu yote katika mafungu kumi kwa hesabu. Mambo ya dini yamo katika 200, sayansi katika 500, kazi za ufundi pamoja na uganga na kilimo katika 600, fasihi katika 800, historia na jiografia katika 900. Mkulima atafutaye habari za shamba lake aonyeshwe 630, naye atavikuta vitabu vyote vya kilimo vimekaa pamoja. Wala haidhuru kama mtunzaji wa jana amekwenda zake, maana namba zinabaki mahali pake.

Katika kuazimisha, njia iliyo rahisi ni ya kadi. Kila kitabu kina kadi yake katika mfuko uliogundishwa ndani ya jalada. Msomaji akikichukua, kadi hutolewa, huandikwa jina lake na tarehe ya kurudisha, ikatiwa katika sanduku kwa kufuata tarehe; na ndani ya kitabu hupigwa muhuri wa tarehe hiyo hiyo. Kitabu kirudipo, kadi hutafutwa, kurasa hutazamwa mbele ya msomaji, kisha kadi hurudi mfukoni. Mtunzaji afunguapo sanduku lake asubuhi, kadi zilizo mbele ndizo za vitabu vilivyochelewa. Maktaba zenye kompyuta hufanya kazi hiyo hiyo kwa chombo kingine; ila kompyuta nayo haijui neno ambalo mtu hakuiambia.

Sasa tuje katika siku ya mabadiliko. Twaona kwamba anayetoka na anayeingia hawana budi kukaa pamoja walau siku tatu, na kazi yao ya kwanza ni kuhesabu. Mmoja ashike kadi za orodha zilizopangwa kama vitabu vilivyopangwa rafuni, azisome moja moja. Mwenziwe akitazame kitabu chenyewe. Tuseme daftari laonyesha vitabu 600. Kadi za sanduku zaonyesha 85 vimeazimwa, na 10 vimepelekwa kwa mshonaji. Basi rafuni yapasa kuwa 505. Wakihesabu wakapata 496, vimepungua tisa, na majina ya hivyo tisa yaandikwe katika hati ya makabidhiano, itiwe sahihi na wote wawili mbele ya shahidi wa Halmashauri. Nakala moja achukue anayetoka, ya pili ibaki katika maktaba, na ya tatu ishikwe na Katibu.

Mabwana na Mabibi, hapa ndipo penye uzito, nasi hatutaki kupazunguka. Wako wasemao kwamba kumhesabia vitabu mtu aliyejitolea miaka mingi bila mshahara ni kumwita mwizi. Kwa ajili ya haya hiyo, Halmashauri hunyamaza. Mtunzaji hupewa chai na hotuba nzuri, akaenda zake. Lakini tazameni yanayofuata. Mwaka ukipita, kitabu cha thamani kikatafutwa kisionekane, watu husemaje? Husema, “Alikwenda nacho yule.” Naye yuko mbali, hana pa kujibia, wala hana karatasi ya kumtetea. Basi ni nani aliyemvunjia heshima: yule aliyemhesabia mbele yake, au yule aliyemwacha aondoke bila ushahidi? Sisi twasema hesabu ni ngao ya mtu mwaminifu. Na yule aingiaye pia yampasa kukingwa, asije akadaiwa deni ambalo hakulikuta.

Hesabu ikiisha, kuna mali nyingine isiyokaa rafuni, nayo ni ujuzi wa yule anayetoka. Yeye ajua kwamba mzee fulani hana miwani na hupenda kusomewa gazeti; kwamba watoto wa shule huja saa kumi, na meza yao isipotengwa huwasumbua wakubwa; kwamba paa lavuja juu ya rafu ya tatu masika yakianza. Mambo hayo ayaandike katika daftari dogo la desturi za maktaba, kwa lugha nyepesi. Lakini asiandike mtu gani husoma nini. Kitabu anachoazima mtu ni siri yake na mtunzaji, kama barua ilivyo siri katika posta. Pindi kirudipo salama, hapana haja ya mwingine kujua.

Na anayeingia asidharauliwe kwa kuwa ni mgeni wa kazi. S. R. Ranganathan wa Madras alikuwa mwalimu wa hesabu alipopewa kazi ya maktaba ya chuo kikuu mwaka 1924, akaenda London kujifunza; na mwaka 1931 alitoa kitabu cha kanuni tano za maktaba, ambazo watunza maktaba duniani huzifuata hata leo. Mojawapo ya kanuni hizo yataka msomaji aokolewe muda wake. Mgeni na aanze hapo. Asipindue rafu zote katika juma la kwanza ili aonekane amefika. Afuate njia aliyoikuta walau miezi mitatu, kisha alete shauri lake mbele ya Halmashauri. Wasomaji wakikuta kila mtunzaji mpya ana mpango mpya, huchoka, nao wakichoka hawarudi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. La kwanza, vitabu vya maktaba vihesabiwe kila mwaka, mtunzaji akiwapo, ili hesabu ya kuagana isiwe kitu cha kumshtua mtu. La pili, tangu sasa pawe na msaidizi ajifunzaye kazi, ili ufunguo usiwe na mkono mmoja tu uujuao. La tatu, mtunzaji asiache kazi pasipo hati ya makabidhiano, na hati hiyo isomwe katika mkutano pamoja na maneno ya shukrani, kwani shukrani iliyo bora kwa mtunza maktaba ni kutangaza mbele ya watu wote kwamba alichopewa amekirudisha.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yataka daftari, kalamu, na watu wawili watakaokaa pamoja siku tatu. Vitabu vyetu vingi vilitolewa na watu ambao baadhi yao hatunao tena. Waliviacha kwa ajili ya wasomaji wasiowajua. Amana ya namna hiyo haifai kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja, hata akiwa mwema kiasi gani.

 Mwenye swali na aulize.