Msomi Mbele ya Washirika: Elimu ya Dini na Imani katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Oktoba 1941, wanafunzi 26 walifukuzwa katika Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, nchini Uganda. Hawakufeli mtihani wala hawakukutwa na pombe. Kosa lao lilikuwa kuamka kabla ya mapambazuko kusali, na kuwahubiria wenzao, hata walimu, kwamba watubu. Mkuu wa chuo alipiga marufuku mambo hayo. Wao wakakataa kutii. Mmoja wao, William Nagenda, hakupata kuwekewa mikono kuwa kasisi, lakini akaja kuhubiri ndani na nje ya Afrika.

Walokole, yaani wafuasi wa Uamsho wa Afrika Mashariki ambao wanafunzi hao walikuwa sehemu yake, hukisimulia kisa hiki kama elimu kavu iliyoifukuza imani hai. Baadhi ya wasomi hukisimulia kama jazba iliyogomea nidhamu. Pande zote mbili zinadhani elimu na imani zilikuwa zikigombea kiti kimoja. Mimi nauliza swali jingine: msomi wa dini anawajibika kwa nani?

Uamsho huo ulichipuka Gahini, Rwanda, na Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, ukaenea Burundi, Kenya na Tanganyika kupitia Bukoba. Kiini chake kilikuwa ushirika, yaani mkutano wa waumini wa kuungamiana dhambi. Aliyesimama hapo hakutoa somo. Alitaja alichotenda: ng'ombe wa shemeji yake aliyemtwaa kwa dhuluma, ujira wa kibarua alioukalia, chuki aliyomfichia jirani wa kabila lingine. Wenzake wakaitika kwa wimbo wa sifa, Tukutendereza. Kisha lilikuja suala la malipo: je, ng'ombe amerudi kwa mwenyewe? Kasisi aliyekesha na vitabu alikaa benchi moja na mkulima asiyejua kusoma, na mkulima huyo alikuwa na haki ya kumuuliza kama mahubiri ya Jumapili yamefika nyumbani kwake. Hata wamisionari wa Kizungu walisimama wakaungama kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo ambalo utawala wa kikoloni haukulizoea.

Basi tusiseme mkulima yule alikuwa na imani tu bila maarifa. Aliijua dhambi kwa jina lake na toba kwa gharama yake. Huo nao ni ujuzi, na ulimhoji msomi mahali ambapo mtihani haufiki.

Lakini nani alimhoji mkulima? Hapa ndipo walokole wenyewe walipojikwaa. Ushuhuda wa mtu mmoja uligeuka sheria ya wote. Nchini Uganda, kuanzia miaka ya 1960, lilizuka kundi lenye msimamo mkali lililohesabu hata kukopa fedha kuwa dhambi. Pasipo mtu wa kuuliza amri imetoka wapi katika Maandiko na kwa nini, moto wa jana huwa kongwa la leo.

Jeraha kubwa zaidi ni Rwanda yenyewe. Katika miaka ileile ya 1930 Gahini ilipokuwa ikiamka, utawala wa Wabelgiji uliandika kabila kwenye vitambulisho. Uamsho ulikuwa hodari wa kumhoji mtu kuhusu wizi na uzinzi; haukuwa hodari kiasi hicho wa kukihoji kitambulisho. Ghasia za kikabila zilipozuka, walokole wengine walikataa kuua na wakafa kwa ajili hiyo, nasi tunawaheshimu. Hata hivyo, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 watu walichinjwa ndani ya makanisa ya Nyamata na Ntarama, katika nchi ambayo wengi, wauaji wakiwemo, walikuwa wamebatizwa na kufundishwa katekisimu. Dhambi iliyopangwa na dola haionekani kwa kujichunguza moyo peke yake. Inahitaji historia, inahitaji siasa, inahitaji theolojia iliyosomwa kwa bidii.

Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alilielewa hili. Alikuwa mlokole, naye alisoma Ujerumani na Marekani. Kitabu chake cha 1974 kilichunguza kanisa mbele ya ukoo wa Kihaya na ulimwengu mpana, na mwaka 1977, jijini Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Hakuacha ushirika ili awe msomi, wala hakutupa vitabu ili abaki ndugu.

Kwa hiyo natoa pendekezo moja kwa idara yetu. Kila tasnifu ya theolojia, kabla ya kutunukiwa shahada, isomwe kwa Kiswahili mbele ya usharika anaouhudumia mwanafunzi. Wazee wa kanisa, kina mama na vijana wawe na haki ya kumhoji, naye awe na haki ya kuwahoji wao, kuhusu wanayoyaimba na sheria wanazotungiana. Maprofesa watakaa hapo wakisikiliza, na zamu yao ya kuulizwa itafika.