Kabla ya Kuinua Gari Lako

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi na vijana wa gereji peke yao. Nalo ni hili la kulivisha gari la kila siku matairi makubwa kuliko yale lililokuja nayo, kisha kuliinua kwa springi na shokapu mpya. Katika nchi ya milima na matope kama hii yetu ya Bukoba na Muleba, haja yenyewe ni ya kweli. Swali ni moja: je, fedha unayotoa inanunua usalama, au inanunua sura?

Nimesema haja ni ya kweli, na sababu zinaonekana. Bukoba mjini hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma haifiki 600. Ukitoka Rwamishenye, lami ipo hadi Mutukula upande mmoja, na hadi Muleba na Biharamulo upande mwingine. Lakini nyumba nyingi, mashamba ya migomba na kahawa, shule na zahanati haviko kando ya lami. Viko juu ya kilima au ng'ambo ya bonde, mwisho wa kilomita kadhaa za udongo ambao ukilowa huteleza kama sabuni. Mwenye gari kijijini ndiye anayegongewa mlango usiku wa manane mama mjamzito anapozidiwa. Mtu kama huyo akitaka gari lake lisikwame, hatafuti anasa.

Basi tuanze na tairi. Ubavuni mwake kuna maandishi kama 265/70R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Hicho ndicho kipimo kilichovaliwa na Prado nyingi za miaka ya 1990, ambazo bado tunaziona barabarani. Ukipiga hesabu, tairi hilo lina milimita 777 kutoka chini hadi juu. Sasa mwenye gari anashawishiwa avishe 285/75R16, lenye milimita 834. Tofauti ni milimita 57, na kwa macho huonekana kubwa sana. Lakini ekseli hukaa katikati ya tairi. Kwa hiyo gari hupanda kwa nusu tu ya tofauti hiyo. Ni chini ya sentimita 3! Hiyo ndiyo faida yote unayopata kati ya difu na jiwe lililochomoza njiani.

Na faida hiyo ina gharama zake. Tairi hilo limezidi la kwanza kwa asilimia 7 hivi. Kila mzunguko mmoja unalipeleka gari mbali zaidi, lakini kipima mwendo hakijui. Kama kilikuwa sahihi, sasa kikisema 50 wewe unakwenda karibu 54, na pale penye kibao cha 50 askari mwenye tochi hatasikiliza habari za tairi lako. Nguvu ya kuvuta nayo hupungua kwa kiasi hicho hicho, kana kwamba umebadilishiwa gia. Mlima uliokuwa ukiupanda kwa gia ya pili utakudai ya kwanza, na mafuta yatakwenda.

Lakini kubwa kuliko yote ni breki. Breki ni zile zile zilizotoka kiwandani, na tairi sasa ni kubwa na zito zaidi. Kwa mguu ule ule juu ya pedali, nguvu inayolishika gari chini ardhini imepungua. Kwenye tambarare huenda usitambue. Utatambua unapoteremka na watu saba ndani na mikungu ya ndizi nyuma, wakati mvua inanyesha.

Kuna jingine ambalo watu hulikosea, nalo ni upana. Wengi huamini kwamba tairi pana ndilo dawa ya matope. Kwenye mchanga mwingi ni kweli, maana tairi pana huelea. Lakini matope yetu mara nyingi ni utelezi wa juu, na chini yake kuna ardhi ngumu. Hapo tairi jembamba lenye meno yaliyoachana hukata ule utelezi likafika panaposhika, na lile pana huteleza juu kwa juu. Land Cruiser za kazi, zile za hospitali na za misheni, zimevaa kwa miaka mingi tairi refu na jembamba la 7.50R16. Sura yake si ya kujivunia mbele ya baa, lakini hufika.

Tuje sasa kwenye springi na shokapu. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Springi ikilegea, gari hukaa chini kwa nyuma. Shokapu ikifa, gari hurukaruka na tairi huacha ardhi, na tairi lililo hewani halishiki breki wala halikati kona. Ukiweka springi ndefu unainua bodi na chasisi, lakini huinui ekseli hata kwa milimita moja. Gari lenye ekseli nzima, difu lake hubaki pale pale lilipokuwa. Na gari ambalo magurudumu yake ya mbele yanajitegemea, kila unapoliinua unazipinda zaidi zile jointi za ekseli za mbele. Mipira yake huchanika, grisi hutoka, udongo huingia, na baada ya muda husikia ka-ka-ka unapokata kona. Tena gari lililoinuliwa hubeba uzito wake juu zaidi, na kwenye kona kali huwa jepesi kulala ubavu.

Wenzetu wa Australia wana nyika kubwa na magari mengi ya namna hii. Hata hivyo, kanuni zao za kubadili magari huweka mpaka: kwa magari ya porini, tairi lisizidi kwa kipenyo lile kubwa lililoruhusiwa na kiwanda kwa zaidi ya milimita 50, bila mhandisi kukagua na kuidhinisha. Ile tofauti yetu ya milimita 57 imekwisha kuuvuka mpaka huo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyeliunda gari alipima tairi, breki, springi na gia kwa pamoja. Ukibadili kimoja, umevigusa vyote.

Je, nasema tusifanye lolote? La hasha. Nasema tufuate utaratibu.

Kwanza, tengeneza kilichochakaa. Bushi zilizokwisha, boljointi zinazocheza, pedi za breki zilizolika: hivyo ndivyo vya kushughulikia kabla ya kununua chochote cha kupendeza. Springi mpya juu ya bushi mbovu ni kupaka rangi nyumba inayovuja.

Pili, zipime shokapu. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, kisha uachie. Likipanda na kutulia, ni nzima. Likiendelea kunesa, au ukiona mafuta yanatiririka ubavuni mwa shokapu, imekufa. Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, si moja moja.

Tatu, chagua springi kwa mzigo unaobeba kila siku, si kwa mzigo wa siku moja kwa mwaka. Springi ngumu mno, gari likiwa tupu, huruka kama mbuzi na kukosa mshiko. Kama nyuma imelala kwa sababu springi zimechoka, springi nzuri za kimo kile kile, au zilizozidi kidogo tu, zitakurudishia sentimita ulizopoteza bila kuharibu kitu kingine. Baada ya hapo peleka gari kwenye alaimenti, ama sivyo matairi yatalika upande mmoja.

Nne, ndipo ufike kwenye tairi. Kwa wengi wetu, tairi la kipimo kile kile cha kiwanda, lenye meno ya njia zote na ubavu mgumu, litafanya kazi kubwa kuliko tairi kubwa lenye kipara. Soma namba ya uzito: 112, kwa mfano, maana yake kila tairi laweza kubeba kilo 1,120. Soma na tarehe. Zile tarakimu nne za mwisho, kama 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na meno mazuri na mpira uliozeeka, ukapasuka lami ikipata moto.

Ukiamua kuongeza kipimo, ongeza hatua moja ndogo, na kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili gari likiwa limebeba mzigo, uone kama tairi linagusa. Na nunua matano, si manne. Gari linalovuta magurudumu yote manne wakati wote, ukilivisha spea ndogo pamoja na matatu makubwa, unalitesa difu la katikati kila mzunguko.

Mwisho, ipo dawa isiyohitaji duka: upepo. Kwenye matope au mchanga, punguza upepo kiasi, tairi litandaze mguu wake na lishike. Lakini uwe na pampu ndani ya gari, na uujaze tena kabla ya kukanyaga lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami huchemka, na likichemka hupasuka.

Najua wapo watakaosema, mbona gari la fulani limeinuliwa na linapita kila mahali? Huenda linapita. Lakini kupanda mlima kwa kishindo si mtihani. Mtihani ni kuteremka usiku, mvua inanyesha, gari limejaa, na mtoto akatokea kwenye kona. Hapo gari halitaulizwa lina kimo gani. Litaulizwa kama linasimama.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujampa fundi fedha, keti uhesabu: kwa wiki nzima, ni kilomita ngapi za lami, ngapi za matope, na ndani ya gari anakaa nani. Ukijibu hayo kwa ukweli, fundi atakuwa na kazi rahisi, na familia yako itafika.