Safari ya Shauri la Ukatili wa Nyumbani: Kutoka Dawati la Jinsia hadi Mahakamani

Mada kwa watendaji wa vijiji, wenyeviti wa vitongoji na wananchi



Mwanamke aliyepigwa na mumewe anapofika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, hupewa fomu namba tatu ya polisi, maarufu kama PF3. Huenda nayo hospitalini, daktari huandika humo aina ya jeraha, kisha fomu hurejeshwa polisi. Jeraha la Jumamosi likipimwa Alhamisi huwa limekwisha kuanza kupona, na daktari huandika anachokiona. Ndiyo maana kikao cha ukoo kinachotangulizwa mbele ya hospitali huweza kuliua shauri kabla halijazaliwa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka waziwazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Shambulio la kudhuru mwili adhabu yake hufika kifungo cha miaka 5. Kusababisha madhara makubwa, miaka 7.

Shauri likifika mahakamani si la mke dhidi ya mume tena, ni la Jamhuri. Mwathirika ni shahidi; halazimiki kuweka wakili, kwa kuwa mwendesha mashtaka wa Serikali ndiye anayeongoza ushahidi. Hapa ndipo wengi huteleza. Mke akishapatanishwa nyumbani, hurudi kituoni kuomba "kufuta kesi", ilhali uwezo huo si wake. Kuondoa mashtaka ni kazi ya upande wa mashtaka, na suluhu katika makosa madogo ya shambulio husimamiwa na mahakama yenyewe.

Kwa kawaida mwanandoa halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake. Hata hivyo, Sheria ya Ushahidi huondoa kinga hiyo pale kosa linapogusa mwili au mali yake, au watoto wao. Akipuuza hati ya wito, mahakama inaweza kuamuru akamatwe. Ni shuruti nzito kwa mtu aliyeumizwa, lakini pia ni ngao: wakwe wakimshinikiza anyamaze, anaweza kuwajibu kwa haki kwamba anayemwita ni mahakama.

Jambo linalowashtua wengi ni dhamana. Makosa haya yana dhamana, hivyo mume aliyekamatwa asubuhi anaweza kuwa nyumbani jioni. Afisa ustawi wa jamii aelezwe mapema, ili ijulikane mwathirika na watoto watalala wapi. Vitisho vyovyote vielezwe kwa polisi na kwa mwendesha mashtaka, vikiwa na siku na maneno yaliyotamkwa, ili masharti ya dhamana yaombwe. Hakimu hawezi kuzingatia asichoambiwa.

Mshtakiwa akitiwa hatiani, mahakama inaweza pia kuamuru amlipe mwathirika fidia. Stakabadhi za matibabu na za nauli zitunzwe tangu siku ya kwanza, zikabidhiwe kwa mwendesha mashtaka kabla ya hukumu.