Hasira Kaburini pa Lazaro

 

Wahitimu, nimefundisha Kigiriki cha Agano Jipya tangu ujana wangu, na kuna kitenzi kimoja ambacho sitaki mwondoke bila kukisikia tena: embrimaomai. Mtunzi wa tamthilia Aeschylus alikitumia kwa farasi wa vita wanaotoa pumzi puani kwa kishindo. Katika Agano Jipya kimo mara tano tu. Marko 14 kinawahusu waliomfokea mwanamke aliyemwaga marhamu. Yohana 11 kimo mara mbili: Yesu anapomwona Mariamu akilia, na anapolifikia kaburi la Lazaro.

Biblia yetu ya Union Version, ya 1952, inatumia kuugua. Muumini wa leo akisikia kuugua anawaza homa. Hata anayejua kwamba ni kupiga kite haipati ile ghadhabu iliyomo katika kitenzi cha Kigiriki. Luther, katika Kijerumani chake, aliiandika waziwazi. Wapo wanaosema Yesu aliwakasirikia waombolezaji kwa uhaba wa imani. Siafiki. Muda mfupi baadaye naye analia machozi, na mtu aliyechukizwa na kilio cha wenzake haungani nao kulia. Aliikasirikia mauti.

Hapo ndipo ninapowalaumu watumishi wenzangu. Tunafika msibani, mama anapiga yowe, nasi tunashika kipaza sauti na kumwambia anyamaze, kazi ya Mungu haina makosa. Nilimwona mama mmoja aliyefiwa na mtoto kwa malaria. Mchungaji alipokemea kilio, mashangazi walimkandamiza kanga mdomoni mpaka ibada ikaisha. Alitufunika mdomo nani, sisi tunaohubiri Yohana 11 kila mazishi? Jamani, msifanye hivyo! Mkiitwa, kaeni kwanza mkekani na wafiwa. Mahubiri yatasubiri. Na mfiwa akisema amemkasirikia Mungu, msimjibu kwa aya.

Kuhusu tafsiri, mimi ningeandika "akafura rohoni". Kufura kuna pumzi na hasira pamoja. Wenzangu wanaona kunamshusha Bwana, wanapendelea "akaghadhibika". Mwenye neno zuri zaidi anitafute baada ya chakula, tulisome kwa sauti pamoja na sura nzima.