Mbwa Akikuna Sikio
Msikilizaji, Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na unyevu huo haumwachi mbwa anayelala nje akilinda boma. Tundu la sikio lake hushuka kisha hupinda kona. Maji na uchafu hunasa humo, fangasi na bakteria wakazaana. Kummwagia mafuta ya taa sikioni ili kumtibu ni kumtesa, hata kwa nia njema. Na akikuna masikio huku akihara mara kwa mara, tazama sahani yake: mzio wa chakula huweza kuleta yote mawili. Usimpe ibuprofeni ya nyumbani ili kumtuliza maumivu, kwani huweza kumtia vidonda vya tumbo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla usaha haujaanza kutoka.